Ya Mbwa Tu

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika kuhusu foleni ya kantini nikaahidi kurudi "kesho", na hiyo kesho yenyewe imekula mwezi na ushee. Nisameheni. Bumu lilichelewa, test zikafuatana kama mabehewa ya treni, halafu nyumbani kukatokea jambo lililonikalisha maktaba siku tatu nikisoma kitu ambacho hakimo kwenye kozi yangu hata moja: historia ya chakula cha mbwa. Ndiyo, mbwa. Wenzangu wa chumbani wameshanibatiza jina, naitwa Mama Jimmy. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Jimmy ni mbwa wetu kule nyumbani Kondoa. Kwetu mbwa haingii ndani. Sisi ni Waislamu, bakuli lake liko nje upande wa zizi, na kazi yake inajulikana: fisi akisogelea mbuzi usiku, Jimmy ndiye anayeamsha nyumba. Miaka saba ameifanya kazi hiyo bila mshahara wala likizo. Basi Jumapili moja jioni mdogo wangu, yuko form three, akanipigia simu.

"Shikamoo dada. Dada, Jimmy hali. Akila kidogo anatapika, na choo chake ni majimaji tupu. Pale duka la pembejeo kuna chakula cha mbwa cha mfuko, kimeandikwa kinasaidia tumbo. Kuna aina mbili, na bei zake zimeachana sana. Baba kasema nikuulize wewe msomi, tununue kipi?"

Msomi! Mimi nasoma historia, jamani. Majimaji ninayoyajua mimi ni yale ya 1905 mpaka 1907. Lakini ukishaitwa msomi na baba yako mzazi huwezi kusema sijui, kwa hiyo nikajifanya daktari. Nikauliza siku hizi anakula nini. Ugali, kama kawaida. Ugali wa unga gani? Hapo mama akachukua simu mwenyewe.

"Ule wa mahindi yaliyonyeshewa mwaka jana, mwanangu. Tulichambua, mazuri tukaweka ya kula, yale yaliyoharibika tukasaga. Ni ya mbwa tu."

Nikasema, sawa mama. Mkumbuke hapo kwamba nilisema sawa.

Nikamwahidi mdogo wangu jibu, kisha nikafanya kile ambacho mwanafunzi wa historia hufanya akiulizwa swali asilolijua: nikaenda kutafuta lilianzia wapi. Niliona nikijua mbwa amekuwa akila nini tangu zamani, na nani alianza kumuuzia chakula, nitajua ni mfuko upi wa kununua. Niliyoyakuta ndiyo haya.

Tuanzie mbali kabisa. Mbwa wa nyumbani ametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa Ulaya na Asia. Siyo hawa mbwa mwitu wetu wenye madoa na masikio makubwa kama wale wa Selous, hao ni ukoo mwingine, wanahusiana kwa mbali tu. Lini hasa yule wa kijivu akawa wa kwetu, wataalamu bado wanabishana, ila pale Oberkassel karibu na mji wa Bonn, Ujerumani, mwaka 1914 lilifukuliwa kaburi la watu wawili waliozikwa pamoja na mbwa, na umri wa kaburi hilo ni miaka kama 14,000. Yaani kabla mtu yeyote duniani hajapanda shamba la nafaka. Mbwa wa enzi hizo alikula walichokula wawindaji: nyama, mifupa, samaki.

Halafu kilimo kikaja. Binadamu akaanza kula ngano, shayiri, mtama, mchele, na mbwa aliyekuwa anasubiri pembeni ya moto akajikuta anarushiwa uji na mabaki ya mkate. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walichapisha kazi yao katika jarida la Nature. Walilinganisha jeni za mbwa mwitu na za mbwa wa nyumbani. Kuna jeni moja inaitwa AMY2B, kazi yake ni kutengeneza kile kimeng'enya cha kongosho kinachovunja wanga. Mbwa mwitu wana nakala 2 za jeni hiyo. Mbwa wa nyumbani waliwakuta na nakala kuanzia 4 mpaka 30! Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba dingo wa Australia, aliyeishi bara ambalo wenyeji wake hawakuwa wakulima wa nafaka, amebaki na nakala 2 kama mbwa mwitu, na mbwa wa kuvuta sleji wa Siberia, waliolishwa samaki na nyama vizazi na vizazi, nao wana chache.

Mnaelewa maana yake? Tumbo la mbwa limehifadhi kumbukumbu ya jiko letu. Ukilipasua kitaalamu unasoma humo kwamba babu zake walikaa na wakulima au na wawindaji. Sisi huku tunahangaika na nyaraka za mkoloni zilizoliwa na mchwa, kumbe kuna nyaraka nyingine inabweka uani.

Hapo nikapumua. Maana kuna watu siku hizi, hasa wanaouza vyakula vya bei mbaya, wanakwambia mbwa ni mbwa mwitu tu, mpe nyama, nafaka ni sumu kwake. Historia haikubaliani nao. Ugali uliopikwa ukaiva siyo kitu kigeni kwa tumbo la Jimmy. Kosa siyo ugali. Kosa ni ugali mtupu, asubuhi ugali na jioni ugali, bila dagaa wala chochote cha kujenga mwili.

Tena wazee wa zamani walilijua hilo bila maabara. Mroma mmoja, Varro, aliandika kitabu cha kilimo mwaka 37 kabla ya Kristo, na humo anaeleza namna ya kulisha mbwa wa wachungaji: mkate wa shayiri, lakini uloweshwe kwenye maziwa. Columella, aliyeandika karne ya kwanza baada ya Kristo, naye anataja unga wa shayiri na maji ya maziwa yaliyogandishwa. Wanga na protini kwenye bakuli moja, miaka 2,000 iliyopita. Varro anaonya pia kwamba mbwa wa kuchunga asilishwe nyama ya kondoo waliokufa, asije akaonja utamu wake akawageukia walio hai. Nilicheka peke yangu maktaba mpaka mtu akaniangalia vibaya, kwa sababu maneno hayohayo babu yangu alikuwa anayasema kuhusu mbuzi, na babu hakuwahi kumsikia Varro maishani mwake.

Ila hapohapo kwa Waroma nikaona kitu kingine. Kwao ngano ndiyo ilikuwa chakula cha heshima, shayiri ilikuwa ya chini. Kikosi cha jeshi kikifanya aibu vitani, adhabu mojawapo ilikuwa kunyimwa ngano na kupewa shayiri. Kwa hiyo mbwa alipewa nafaka ya watu waliodharauliwa. Lile wazo la "ya mbwa tu" ni kuukuu jamani, halikuanzia jikoni kwetu Kondoa.

Sasa turuke karne nyingi, twende Uingereza miaka ya 1860, kwa sababu huko ndiko mfuko wa dukani ulikozaliwa. Kabla ya hapo mbwa wa kila nchi alikula kinachobaki. Alikuwepo Mmarekani mmoja, James Spratt, mwenyeji wa Cincinnati, ambaye alivuka bahari kwenda Uingereza kuuza vikinga radi. Inasimuliwa kwamba alipofika bandarini aliona mbwa wanagombania zile biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa, biskuti zinazokaa miezi melini bila kuoza. Akili ya biashara ikamjia. Badala ya kuuza vyuma akatengeneza keki za mbwa: ngano, mboga, kiazi sukari chekundu, na nyama iliyokaushwa. Akazisajili kama uvumbuzi wake mwaka 1861 na kuziuza London kwa mabwana wakubwa wenye mbwa wa kuwindia.

Tazama lakini chanzo cha wazo. Biskuti za mabaharia, tena zilizotupwa. Chakula cha kwanza cha mbwa cha viwandani kilizaliwa jalalani. Spratt alichoongeza ni nyama kidogo, jina na tangazo. Na tangazo lilifanya kazi kweli. Kijana mmoja aliyeanza kama karani kwenye kampuni hiyo, Charles Cruft, ndiye mwaka 1891 alianzisha London maonyesho makubwa ya mbwa yenye jina lake mpaka leo. Biashara ya chakula cha mbwa na biashara ya kuonyesha mbwa zilikua nyumba moja.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza yakaja makopo. Farasi walikuwa wanapoteza kazi, magari na matrekta yanawapokonya, nyama yao haina mlaji Marekani. Mwaka 1922 kiwanda kimoja cha Rockford, Illinois, kikaanza kuuza nyama ya farasi ya kopo kwa jina la Ken-L Ration, chakula cha mbwa. Tena kilekile: kitu ambacho watu hawakitaki, mpe mbwa. Marekani ilipoingia Vita Kuu ya Pili mwaka 1941, bati likahitajika jeshini, na chakula cha mbwa hakikuhesabiwa kuwa cha lazima, makopo yakapotea madukani. Watu wakarudi kwenye chakula kikavu. Na mwaka 1957 kampuni ya Ralston Purina ikaleta zile punje kavu tunazoziona leo kwenye mifuko, kwa kutumia mashine ya aina ileile iliyokuwa ikitengeneza nafaka za kifungua kinywa.

Hiyo mashine nimeielewa vizuri kwa sababu ya rafiki yangu mmoja tuliyekuwa naye A-level, sasa hivi anasomea udaktari wa mifugo. Unachanganya unga na nyama ya kusaga na maji, unausukuma uji huo mzito kwenye bomba kwa mvuke na mgandamizo mkubwa, halafu unatokea kwenye tundu dogo. Ukitoka tu, mgandamizo unaisha ghafla na unga unafura kama bisi, kisu kinakata, punje inakaushwa. Faida yake kwa tumbo ni kwamba wanga unaiva sawasawa. Wanga mbichi mbwa hausagi vizuri, unafika utumbo mkubwa ukiwa mzima, bakteria wanauchachusha, ndipo unapata gesi na choo cha majimaji. Nikamwambia, kwa hiyo ule ugali wa mbwa unaopikwa haraka haraka, dakika tatu umeepuliwa kwa sababu ni wa mbwa tu... Akacheka, akasema, "Ndiyo hapohapo, Mama Jimmy." Kumbe jina limeshatoka nje ya chuo!

Na hili wazo kwamba chakula kinaweza kumtibu mbwa lina mwanzo wake. Marekani alikuwepo kipofu mmoja, Morris Frank, aliyekuwa anaongozwa na mbwa aitwaye Buddy. Buddy wa kwanza alimpata Uswisi mwaka 1928, na kila mbwa aliyemfuata alimpa jina hilohilo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mmoja wa hao akaugua figo. Fikiria, kwa Frank yule mbwa alikuwa macho yake. Daktari wa wanyama Mark Morris wa New Jersey akaamini kwamba chakula ndicho kinachoziumiza zile figo, akatengeneza chakula chenye protini kidogo lakini iliyo bora, na chumvi kidogo. Mbwa akapata nafuu. Mwaka 1948 Morris akakubaliana na kampuni ya Hill ya Topeka, Kansas, kukitengeneza kwa makopo. Kile chakula ambacho leo daktari anamwandikia mbwa kama dawa kilianzia hapo. Kwangu hii ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika historia hii, kwa sababu kwa mara moja mtu aliuliza mbwa huyu mwili wake unahitaji nini, hakuuliza kimebaki nini.

Siku ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilikuwa natafuta mambo ya karibuni, nikafika mwaka 2007. Mwezi Machi mwaka huo kampuni ya Canada, Menu Foods, ilirudisha kiwandani zaidi ya makopo na pakiti milioni 60 za chakula cha mbwa na paka, baada ya wanyama Marekani kuanza kufa kwa figo. Uchunguzi ukakuta protini ya ngano iliyoagizwa kutoka China imechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kwa nini? Kwa sababu kipimo cha kawaida cha protini hakipimi protini yenyewe, kinapima naitrojeni, na theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Unga hafifu ukapimwa ukaonekana una protini tele. Ndani ya mwili melamini ikakutana na mwenzake, asidi ya sayanuriki, vikatengeneza vijiwe kwenye figo.

Watu wakasikitika, wakasema, masikini wanyama. Mwaka uliofuata, 2008, melamini ileile ikakutwa kwenye maziwa ya watoto wachanga huko China. Watoto karibu 300,000 waliugua, na 6 walikufa. Mbwa na paka walitangulia kwa mwaka mzima.

Nikasema labda ni bahati mbaya ya mara moja. Nikaendelea kusoma, na hapo nikakutana na neno ambalo sisi wa Dodoma tunalijua: sumukuvu. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu anayeota kwenye mahindi na karanga zisizokauka vizuri. Iligunduliwa baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil. Inashambulia ini. Mwenye kuila kwa wingi anaanza kukosa hamu ya kula, anatapika, macho yanakuwa ya njano, tumbo linajaa maji. Na kuipika hakuiondoi. Ugali wako utaiva, sumu itabaki palepale.

Mwaka 1974, magharibi mwa India, katika vijiji vya Gujarat na Rajasthan, mvua iliharibu mahindi na watu wakayala kwa kuwa hawakuwa na kingine. Wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 397, waliokufa 106. Na waliochunguza waliandika jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini: mbwa wa vijiji vile, waliokuwa wanakula chakula kilekile cha familia, waliugua vilevile, njano na tumbo la maji, wakafa katika muda wa wiki mbili au tatu. Kenya mwaka 2004, huko Ukambani, watu 317 waliugua na 125 walifariki. Na kwetu, mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 walifariki. Chemba iko jirani yetu pale. Mwaka ule nilikuwa mdogo lakini nakumbuka wakubwa wakiongea kwa sauti ya chini.

Nilikuwa nimekaa dirishani, ghorofa ya pili, na ghafla nikaisikia sauti ya mama kabisa. Tulichambua, mazuri tukaweka ya kula. Yale yaliyoharibika ni ya mbwa tu.

Mahindi yale ni ya shamba moja, mvua moja, ghala moja. Kuvu haheshimu uteo wa mama. Kuchambua kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa, hilo ni kweli, lakini punje inaweza kuonekana nzuri na bado imebeba. Na mimi niliyeitwa msomi nilikuwa nimesema sawa mama.

Nilitoka maktaba mbio, begi nimeliacha. Salio lilikuwa la kubahatisha. Simu ikaita mara mbili, mama akapokea.

"Mama, yale mahindi mazuri mliyochambua, mmeshaanza kuyala?"

"Tulianza wiki iliyopita. Kwani vipi?"

"Mama naomba muache leo. Leo hii. Hata kuku msiwape."

Kimya. Halafu akasema, "Mwanangu, ni gunia tatu." Yeyote aliyekulia kijijini anajua gunia tatu ni nini. Ni kuanzia sasa mpaka mavuno. Ukimwambia mtu atupe gunia tatu unamwambia akanunue chakula kwa hela ambayo haipo. Sikuwa na la kumjibu, nikasoma tu yale niliyoyaandika kwenye daftari, ya India, ya mbwa wa India. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza swali moja, "Hao mbwa macho yalikuwa ya njano?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ngoja nikaongee na baba yako."

Jimmy alikufa Alhamisi ya wiki ile. Bwana mifugo alikuwa ameshafika, akasema ini limekwisha. Hakukuwa na pesa ya kupeleka sampuli maabara, kwa hiyo siwezi kuandika hapa kama mwanahistoria kwamba ilikuwa sumukuvu. Ninachoweza kuandika ni kwamba macho yake yalikuwa ya njano, mdogo wangu aliniambia. Na kwamba mabaki ya zile gunia tatu baba aliyachoma, kijiji kizima kikimshangaa. Nusu ya bumu langu lilikwenda Kondoa, ndiyo maana mwezi huu mnaniona nakula chipsi kavu na kukwepa michango ya bethidei. Sasa mnajua.

Turudi kwenye swali la mdogo wangu, maana bado ananidai jibu, na wiki iliyopita wamepata mtoto wa mbwa kwa jirani. Wamemwita Jimmy vilevile, kama yule kipofu na Buddy wake. Hili ndilo jibu nililomtumia, nimelijenga juu ya hiyo historia na kuhakikisha na rafiki yangu wa mifugo.

Kwanza, mfuko wa dukani ukiwa na hela ununue, siyo anasa. Lakini usisome picha ya mbele, geuza nyuma. Tafuta iwe imeandikwa kwamba ni chakula kamili kwa umri wa mbwa wako, mtoto na mkubwa hawali sawa. Tazama tarehe, nusa, angalia kama mfuko umeloa au umetoboka. Usidhani mfuko una kinga ya kuvu: mwishoni mwa 2005 na tena mwishoni mwa 2020 Marekani kwenyewe chakula cha mbwa cha viwandani kilikutwa na sumukuvu, na katika lile tukio la pili taarifa za mbwa waliokufa zilizidi 110.

Pili, usitishwe na maneno "hakina nafaka". Mwaka 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza taarifa za mbwa waliopata ugonjwa wa moyo, wengi wao wakiwa wanakula vyakula visivyo na nafaka, vilivyojaa kunde na dengu. Chanzo hasa hakijathibitishwa mpaka leo, ila angalau hakuna sababu ya kulipia zaidi ili kuikimbia nafaka ambayo mbwa ameizoea maelfu ya miaka.

Tatu, kama hela ya mfuko haipo, na kwetu mara nyingi haipo, pika. Unga mzima, ugali uive kabisa, dagaa waliooshwa chumvi au utumbo uliochemshwa, mboga kidogo, maji safi muda wote. Usimpe vitunguu, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, inapasuka kama vijiti na kutoboa utumbo. Dawa ya minyoo usiisahau, maana hata chakula kizuri namna gani kitaishia kwa minyoo.

Nne, ukibadilisha chakula badilisha taratibu, siku 7 mpaka 10, ukichanganya kipya kwenye cha zamani, maana bakteria wa tumboni nao wanahitaji muda wa kuzoea. Na kila siku angalia choo chake. Kikiwa kimeshikana, kinaokoteka, chakula kimekubali. Kikiwa majimaji zaidi ya siku mbili, au akitapika na kukataa kula, au ukiona njano kwenye macho na fizi, usingoje, muite bwana mifugo, halafu nenda ukatazame ghala lako.

Hilo la mwisho ndilo nililojifunza kwa hasara. Wameshanunua mahindi mengine, makavu, wameyaweka kwenye ile mifuko ya kinga njaa isiyopitisha hewa, juu ya mbao, siyo chini. Jana nilipiga simu kusalimia, nikamuuliza mama mtoto wa mbwa anakula nini.

"Anakula tunachokula," akasema. "Gunia ni moja."

Haya, naishia hapo. Kesho nina semina saa moja asubuhi na paper yenyewe sijaigusa, nilikuwa na mbwa. Anayejua begi langu jeusi lilipo, nililiacha maktaba ghorofa ya pili dirishani, naomba anirudishie hata daftari tu.